Mzee Mmoja wa Langoni

Kwenye ukurasa wa 41 wa tasnifu yangu ya shahada ya kwanza kuna maneno haya: "kwa mujibu wa mzee mmoja wa Langoni." Niliyaandika nikiwa na umri wa miaka 22, wala sikuyafikiria tena. Msimamizi hakuyapigia mstari mwekundu. Ilibidi niende Ulaya, nibaguliwe huko, ndipo nikayasoma.

Mimi mzaliwa wa Mkomani, upande wa kaskazini wa mji wa Lamu, kwenye majumba ya mawe. Langoni ni upande wa kusini. Mgeni akishuka gatini anaona mji mmoja mdogo, ambao kutoka mwisho hadi mwisho si mwendo wa kumtoa mtu jasho. Sisi tuliokulia humo tulijua masafa mengine. Chuoni, na kwetu chuo ni pale mtoto anapoanzia alifu kabla hajasikia habari za chuo kikuu, nilikuwa na rafiki niliyesoma naye juzuu moja, yeye akishika upande huu wa kurasa na mimi ule. Siku moja nikaomba ruhusa nikalale kwao. Bibi yangu, Mungu amrehemu, mwanamke asiyeweza kula jirani akiwa na njaa, akaniambia, "Yule si mwenzio." Hakueleza, nami sikuuliza. Nilikwisha kujua, kama mtoto anavyojua pasipokanyagwa. Rafiki yangu alikuwa wa ukoo wa watu waliokuwa watumwa, na huenda walikuwa watumwa wa nyumba yetu wenyewe. Utumwa ulifutwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907. Bibi aliniambia maneno hayo katikati ya miaka ya 1990.

Naanza na hilo kwa sababu watu wakiniuliza habari za ubaguzi wa rangi vyuoni hutaka nianzie uwanja wa ndege wa Ulaya. Mimi nilipofika uwanja wa ndege ubaguzi nilikuwa nao tayari. Nilitoka nao nyumbani.

Chuo kikuu cha bara nilikosomea shahada ya kwanza niligeuzwa mtu mwingine. Huko nilikuwa "Mwarabu", na wapo walioniambia huku wakicheka nirudi Oman, nchi nisiyowahi kuiona. Kitambulisho nilikipata baada ya kudaiwa cheti cha kuzaliwa cha babu, jambo ambalo wenzangu wa bara hawakudaiwa, na wakati huo bila kitambulisho mkopo wa masomo haukuombwa. Babu wa bibi yangu aliandikwa Mwarabu zama za Mwingereza, serikali ilipokuwa na shule za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na mtu kuandikwa Mwarabu kulimpandisha ngazi. Watu wengi wa pwani waliipigania karatasi hiyo. Kilembwe wake akaja kulipishwa. Hayo yaliniuma, lakini si niliyokusudia kuyasimulia leo.

Tasnifu ile ilihusu nyimbo za kirumbizi, ngoma ya fimbo ichezwayo na wanaume harusini na siku za Maulidi. Aliyezijua kuliko wote alikuwa mzee mmoja, nami bado namwita hivyo kwa sababu itakayoonekana mbele. Alinipa jioni sita barazani kwake, baada ya Isha, kinasa sauti kikiwa juu ya mkeka baina yetu. Hakuimba tu. Alinionyesha wapi fimbo inapiga na wapi inasita, kwa nini mpiga zumari humeza pumzi kabla ya kituo, ubeti upi uliongezwa kwa kumkejeli nani. Kazi nzima ya uchambuzi, ile iliyonipatia daraja la kwanza, aliifanya yeye. Mimi niliipanga kwa sura na vichwa vya habari.

Ulaya nilifika mwaka 2013, kusomea shahada ya pili ya fasihi ya Kiswahili. Naam, Kiswahili. Hati zetu ziko huko, London, Hamburg, Berlin. Nyingi zinazotoka Lamu ziliandikwa kwa mkono wa Muhamadi Kijuma, mshairi na mchongaji wa mji wetu aliyefariki mwaka 1945, aliyewanakilia watafiti wa Kizungu utenzi baada ya utenzi. Mtu wa Lamu akitaka kuishika karatasi iliyotoka mtaani kwake huanza kwa kuomba viza.

Jina la chuo nitaliacha. Wiki ya tatu tulikuwa tukisoma shairi la zamani kuhusu kuanguka kwa Pate, mji wa kisiwa jirani na chetu, pale mshairi anapotaja madaka ya nyumba na ndege waliolala humo. Mhadhiri, mtu mstaarabu, msomi wa kweli, akaeleza kwamba daka ni kibaraza cha mlangoni. Nikanyoosha mkono. Nikasema daka la mlangoni lipo, ila haya ya shairi ni mengine, ni ya ukutani, yale matundu ya chokaa yaliyopangwa safu juu ya safu katika chumba cha ndani, ambamo watu waliweka sahani za Kichina. Nikasema nimelala chini yake miaka kumi na minane. Nikasema pia kwamba maana ya ubeti inabadilika: ndege akiwa kibarazani hajaingia popote, lakini ndege akiwa ndani, mahali pa sahani, mahali ambapo hata mgeni wa kiume hafiki, basi nyumba imekwisha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Hiyo ni hisia ya mzawa wa lugha, nayo ina thamani. Lakini hapa tunahitaji chanzo."

Juma lililofuata mwenzangu mmoja, msichana wa huko huko, alileta kitabu cha mtafiti wa miaka ya 1970 kilichosema yale yale niliyoyasema, kwa mpangilio ule ule karibu. Mhadhiri akatikisa kichwa kukubali, akaandika ubaoni. Darasa likaandika. Nilikiazima kitabu kile jioni nikatafuta mtafiti yule aliyajuaje. Katika shukrani zake za mwanzo aliwashukuru "wenyeji wa Lamu waliojibu maswali yangu kwa subira."

Nilikaa na sentensi hiyo maktabani mpaka taa zilipoanza kuzimwa. Mtu wa Lamu akisema, ni hisia. Mzungu akimsikia mtu wa Lamu akaandika, ni chanzo.

Sikutukanwa hata siku moja darasani, na ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kujua kinachonitendekea. Matusi yalikuwa ya barabarani, machache, nami niliweza kuyasimulia kwa simu na mama akaniombea. Lakini utamwambia nini mama kuhusu mtu anayekukaribisha, anayekusifia matamshi yako, anayekuita kila mara lugha inapohitaji kusikika na asikuite hata mara moja inapohitaji kuelezwa? Nilipewa kazi ya saa nne kwa wiki: kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Cheo changu kilikuwa, kwa tafsiri ya karibu, "mzungumzaji". Sarufi ilifundishwa na mwanafunzi mwenzangu ambaye Kiswahili alikisoma miaka minne, na aliponisikia nasema "ndia" badala ya "njia" alinisahihisha mbele ya darasa. Ndia ni Kiamu, lahaja ya Lamu. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya kikao cha Mombasa cha mwaka 1928, lakini lahaja yetu ilikuwa imekwisha kubeba mashairi kwa vizazi. Mashairi yale yale tuliyokuwa tukiyasoma ghorofa ya juu.

Na vijiani humo, kahawa mkononi, swali lilikuwa moja: "Kwani nyinyi Waswahili ni Waafrika au Waarabu?" Waliuliza kwa hamu, kama niliyekuja na jibu mfukoni. Niliwaeleza habari za Shanga, kisiwani Pate, ambako wachimbaji wa miaka ya 1980 walikuta makazi ya tangu karne ya 8, nyumba za udongo na miti kwanza, kisha mawe juu ya msingi ule ule, mji uliokua mahali pake kama mti. Niliwaambia kwamba dhana ya kila kizuri cha Afrika kuletwa na watu weupe zaidi ilipata ukumbi vyuoni. Carl Meinhof, profesa wa lugha za Kiafrika mjini Hamburg, alichapisha kitabu kizima mwaka 1912 juu ya lugha za hao aliowaita Wahamiti. Nilisema vizuri. Lakini usiku nilikuwa nikijiuliza mbona jibu hilo nalitoa kwa ufasaha hivi Ulaya, na nyumbani kwetu, ambako nusu ya mtaa hujitafutia babu Uarabuni, sikuwahi kulitamka.

Katika maktaba ile nilikutana na Mtoro bin Mwinyi Bakari. Kama hamumjui, na mimi sikumjua, alikuwa mtu wa Bagamoyo aliyechukuliwa mwaka 1900 kwenda kufundisha Kiswahili Berlin, katika ile Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887. Wanafunzi wake walikuwa maofisa watarajiwa wa koloni. Walipaswa kumsikiliza mtu ambaye kesho walikwenda kumtawala yeye na nduguze, na walimdharau waziwazi. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu kubwa yake ni kalamu ya Mtoro. Jina la jaladani lilikuwa la Carl Velten, mwalimu wa Kijerumani. Mtoro akaoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka uliofuata walipojaribu kuja kuishi Afrika Mashariki, wakubwa wa koloni hawakukubali washuke pwani kama mume na mke, wakarudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, chini ya huyo huyo Meinhof. Alifariki Berlin mwaka 1927. Kitabu kile kilipotoka kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981, hatimaye jina lake likaonekana jaladani. Miaka 78.

Nilikuwa nimepiga hesabu hiyo pembeni mwa daftari, 1981 toa 1903, nimeizungushia duara kwa hasira. Wakati huo ndio Cape Town wanafunzi walianza kudai sanamu ya Cecil Rhodes iondolewe chuoni, ikaondolewa tarehe 9 Aprili 2015. Sisi wanafunzi weusi wachache wa chuo chetu tulikuwa tukikutana Ijumaa kufuatilia. Mwenzetu wa Afrika Kusini alitusimulia habari za Archie Mafeje, aliyepewa kazi ya uhadhiri pale pale Cape Town mwaka 1968, kisha chuo kikaiondoa kazi hiyo kwa shinikizo la serikali ya makaburu, na wanafunzi wakakalia jengo la utawala siku kadhaa. Mimi nikasimulia kwamba mwaka huo huo wa 1968, Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika waraka kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika ikae katikati. Nilijisikia mtu wa safu hiyo. Nilikuwa na haki ya kujisikia hivyo, na bado ninayo.

Nikaamua sura ya mwisho ya tasnifu yangu ya pili iwe juu ya hilo: majina yaliyoachwa nje. Kijuma, Mtoro, na wale wenyeji wenye subira. Nilihitaji mfano kutoka ngoma za Lamu, nikafungua tasnifu yangu ya zamani nijinukuu.

Ukurasa wa 41.

Mwanzo sikuamini. Nilirudi mbele, nikapitia shukrani. Nilikuwa nimemshukuru msimamizi kwa jina na cheo, mkutubi kwa jina, binamu aliyeniazima kompyuta kwa jina. Kisha: "na wazee wa Lamu". Nikatafuta kanda, ambazo kwa bahati nilikuwa nimezihamishia kwenye kompyuta. Jioni ya kwanza kabisa, kabla ya swali langu la kwanza, mzee anakohoa, anasogea karibu na kinasa sauti na kusema jina lake lote. Lake, la baba yake, la babu yake. Analisema polepole kama mtu anayeandikisha shahada mahakamani. Na mimi, sauti yangu ya miaka 22, nasema, "Haya mzee, sasa tuanze."

Kwake yeye tulikuwa tumekwisha anza.

Jina la tatu ni la aina ambayo mtu wa Lamu akilisikia hahitaji kuambiwa zaidi. Mabwana waliwapa watumwa majina yao, Mabruki, Feruzi, Almasi na mengine kama hayo, nalo lilikuwa mojawapo. Katika kanda hiyo hiyo anaeleza jinsi babu huyo alivyosomeshwa na Habib Swaleh, sharifu aliyetoka Ngazija akaja kukaa Langoni mwishoni mwa karne ya 19, aliyewakalisha darasani watu ambao waungwana wa mji hawakutaka wafundishwe elimu ya juu ya dini, na kutokana na darasa hilo kukasimama Msikiti wa Riyadha. Mzee anasema, "Habib alitusomesha sisi. Wengine walituona mikono tu." Dakika nne nzima. Niliziandika kwenye daftari la kazi kwa herufi za haraka: "nje ya mada".

Huo ndio uliokuwa ubaguzi katika elimu ya juu, umesimuliwa na mwenyewe, umbali wa hatua mia tano kutoka kitandani kwangu, na mimi niliyekuja kuulilia Ulaya niliuondoa kwa maneno matatu. Msichana wa Mkomani alikwenda Langoni kuchota. Bibi alikuwa amenifunza vizuri.

Nilirudi Lamu mwishoni mwa 2015. Mzee alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Binti yake anapika mahamri na mbaazi asubuhi kwenye uchochoro wa pili kutoka nyumba ya baba yake. Nilimpelekea tasnifu zote mbili, zimefungwa vizuri kwa karatasi. Akaniambia, "Ndoo ukae," yaani njoo, akafuta mikono kwa kanga, akafungua ya kwanza pale nilipoweka alama. Alisoma taratibu. Kisha akauliza, bila ukali wowote, "Na ina la baba liwapi?" Ina, kwetu, ni jina.

Nikamwambia kweli. Sikuwa na cha kujitetea nacho. Nikamwambia nataka kuziandika upya nyimbo zile, ziwe kitabu, jina la baba yake liwe jaladani na langu chini yake kama mkusanyaji. Alinyamaza kidogo. Akauliza, "Ina lote?"

Hapo ndipo nilipojua bado sijajua. Wao, watoto, walikuwa wameliacha jina la tatu zamani. Kwenye vitambulisho halimo. Kaka yake mkubwa alikuwa na binti aliyeposwa, na upande wa mume ni watu wa kuuliza habari za kufu, yaani kulingana kwa ukoo, hata leo, na hakuna atakayesema neno "mtumwa" lakini posa itapoa. Nilijibu kwamba mzee mwenyewe alilitaja. Akasema, "Baba alikuwa mtu mzima aliyekwisha kuoa na kuozesha. Sisi bado twaishi hapa." Nilikuwa nimekuja na haki yangu mkononi kama zawadi, na yeye akanionyesha ni nani atakayeilipia. Upande wangu, kulichapa jina hilo hakunigharimu chochote. Ningesifiwa.

Basi nikaacha. Kikao cha ndugu kilikaa mara mbili, wa mwisho akiwa amerudi kutoka baharini. Mmoja alitaka jina lote. Mmoja alitaka mawili ya mwanzo. Kaka mkubwa alitaka ningoje harusi ipite. Hadi leo kitabu hakijatoka, na hapa namwita mzee mmoja kwa kuwa ndivyo nilivyoagizwa na wenye naye. Sasa ni wao walioamua, na tofauti hiyo naihisi kila nikiandika.

Binti yake lakini alitaka kusikia kanda. Nilizihamishia kwenye simu yake zote sita. Wiki ileile alinisahihisha ubeti niliousikia vibaya tangu 2008, neno moja la baharini ambalo nililiandika kama la shamba, na sura nzima ya tasnifu yangu ikaporomoka kwa neno hilo. Nikamuuliza jina lake aliandikeje. Akalitamka, mawili. Nikayaandika.

Harusi ilipita, baada ya Mfungo Mosi. Asubuhi moja nilishuka Langoni kununua mahamri. Karai ilikuwa motoni, watu wanne au watano wamesimama wakingoja, mmoja wao mzee wa Mkomani ninayemwamkia kila siku. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye gunia la unga, na sauti ya marehemu ilikuwa ikikohoa, ikisogea karibu, ikitaja jina lake, la baba yake, la babu yake. Binti yake alikuwa akigeuza mahamri. Hakunyoosha mkono kuipunguza.